Kaa

Dawa ya usingizi haijamtoka yote.
Amelala juu ya vigae vya ukumbini, Mawaleh,
ulimi pembeni kama stempu iliyobanduka,
na kola ya plastiki shingoni
inamfananisha na taa iliyoanguka kutoka darini.

Bizari. Miezi sita. Rangi ya jina lake.
Nilimwokota chini ya daraja la wadi, Al Khudh,
kupe masikioni, kiatu kinywani,
kiatu cha kulia. Mpaka leo
cha kushoto hakitafuni.

Daktari Shoba aliandika kwa kalamu ya kijani:
siku kumi asiruke, asioge,
asilambe mshono.
Akanionyesha mshono wenyewe, mdogo,
nadhifu kuliko vitobo vya kofia ya mjomba.

Thuweini kapiga simu kutoka Ibra:
"Kwa hiyo umemfanya maksai?"
Akacheka mpaka akakohoa.
Mimi nilikuwa nimepiga magoti,
nampepea mbwa kwa bahasha ya bili ya umeme,
naye ananitazama
kama mtu anayejua kilipo kitu chake.
Najua. Sikumuuliza.

Mama haingii ukumbini siku hizi.
Ana udhu wake, ana ghorofa yake,
na swali lake moja kutoka juu:
"Kakojoa?"
Kakojoa, Mama.
"Alhamdulillahi." Kisha, kwa ukali:
"Usije ukashika birika langu kwa mikono hiyo."

Saa kumi alfajiri tunatoka,
kabla lami haijawa kikaango.
Kamba fupi. Hatua za mgonjwa.
Kola inakwaruza ukuta wa jirani,
inachota mchanga, inachota adhana,
misikiti mitatu ndani ya bakuli moja,
naye anasimama, kichwa upande, anasikiliza.

Darasa ni hapo, chini ya nguzo ya taa,
ini la kuchemsha mfukoni.
Nasema: Kaa.
Anakaa. Nampa ini.
Narudi nyuma hatua tatu, nasema: Kaa.
Anainuka, anakaa upya,
anangoja nimlipe mara ya pili.

Na ana haki. Neno ni hilo hilo.
Kaa, teremsha makalio.
Kaa, usinifuate.
Kaa la moto, kaa wa mchangani,
na siku hizi unakaa wapi?
Mama alikaa Mkunazini miaka kumi na tisa,
akakaa Dubai kwa shangazi, juu ya masanduku,
akakaa Matrah chumba kimoja, watu saba,
na hajawahi, nijuavyo mimi,
kupewa ini.

Ningeweza kumfunza kwa Kiarabu,
amri hii neno lake, na ile neno lake.
Lakini usiku akilia
namwambia pole, pole baba,
na ulimi ulikwisha chagua.

Siku ya nne alimwona mtu wa maji
anashusha magudulia. Akaruka.
Tone la damu kwenye kigae.
Moja tu. Niliendesha gari mpaka Azaiba
nimevaa kandambili mbili za kushoto.
Daktari akabonyeza, akanusa, akasema si kitu,
akatazama miguu yangu, akanyamaza.

Nalala sakafuni, mkono ndani ya kola,
pua yake ikipumua kiganjani.
Mimi pia nina mshono, wa kidole tumbo,
mwaka wa kimbunga,
na nakumbuka: hayachoshi maumivu,
kinachochosha ni kuambiwa usijikune.

Siku ya kumi kola ikatoka.
Akajitikisa mpaka akaanguka.
Akazunguka ukumbi kwa upana wa jana,
akikwepa milango ambayo sasa inamtosha,
kisha akaifuata kola kwenye pembe,
akatia kichwa ndani, akalala.

Nikasikia ngazi. Mama,
kidato cha tatu kutoka chini,
kanga kaikusanya magotini.
"Mwambie akae."
Ameshalala, Mama.
"Mwambie."

Nikasema: Kaa.
Jicho moja likafunguka. Mkia ukagonga kigae.
Na Mama akakaa
pale pale kwenye kidato,
akauliza kama ini limebaki.